Seva Isiyo na Karani

"Nataka jina tu, fundi. Jina la aliyefungua."

Mzee aliyeniita ni mkurugenzi wa ofisi binafsi ya watu kumi na wanne, Area D hapa Dodoma. Orodha ya mishahara ya ofisi yake ilikuwa imezunguka kwenye simu za wafanyakazi kwa siku tatu, na kijana mmoja wa chuo aliyekuja kwa mazoezi kwa vitendo alikuwa ameshaambiwa asirudi Jumatatu. Nikaingia kwenye seva yao ya mafaili, yaani kompyuta inayotunza mafaili ya ofisi nzima, nikaangalia ni akina nani wameungana nayo saa ile. Zilikuwa kompyuta tisa. Mbele ya kila moja, mahali pa jina la mtumiaji, palikuwa na neno lilelile: nobody.

Kwenye mashine za Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, hilo ndilo jina analopewa anayepokelewa kama mgeni, bila kuulizwa yeye ni nani. Tafsiri yake ni "si mtu". Mhasibu akiingia, ni si mtu. Dada wa mapokezi, dereva aliyeomba kuchapisha barua, mkurugenzi mwenyewe, wote waliandikwa hivyo. Faili la mishahara lilikaa kwenye folda ambayo yeyote aliyepata mtandao wa ofisi aliweza kuifungua, kuisoma, kuibadili na hata kuifuta. Nikamwambia, "Mzee, jina halipo. Halikufutwa, halijawahi kuandikwa." Akaniangalia kana kwamba namkingia kifua yule kijana.

Hakuna aliyevunja kitu pale. Seva ilifanya kazi sawasawa na ilivyopangwa siku ilipowashwa, miaka mitatu nyuma, na fundi akalipwa akaondoka. Ndiyo maana naandika juu ya jambo ambalo kwenye ofisi nyingi hapa mjini halina mwenyewe: mpangilio wa awali wa seva ya mafaili, yaani hali ambayo folda inakuwa nayo kabla mtu hajaamua nani aingie na nani asiingie. Watu wanauchukulia kama hali ya hewa, kitu kilichokuja chenyewe. Mimi nasema ni uamuzi kuhusu watu, na kwa kuwa mwenye ofisi haufanyi, unafanywa kwa niaba yake na fundi anayetaka kumaliza kabla ya magharibi.

Najua kwa sababu nimekuwa fundi huyo. Ukiitwa kufunga seva, kazi yako inapimwa kwa swali moja: inafungua? Bosi anakaa kwenye kompyuta yake, anabofya folda, faili likitokea anasema "safi", na malipo yanatoka. Katika miaka yote niliyofanya kazi hii hakuna aliyewahi kuniambia: sasa nionyeshe mtu ambaye folda hii inamkatalia. Tunalipwa kwa kufungua. Saa mbili za kukaa na mhasibu na karani kuulizana nani anahitaji nini hazimo kwenye ankara, na fundi akiziandika anaambiwa anapandisha bei.

Inaniuma zaidi kwa sababu huu ndio mji uliotakiwa kuongoza. Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016 mji umejaa watu waliolelewa na masijala. Aliyewahi kufanya kazi ofisi ya umma anaijua: kaunta, karani nyuma yake, makabati ya chuma. Kuna masijala ya wazi na kuna masijala ya siri. Jalada huendi kulichukua, unaliomba. Karani anaandika namba ya jalada, jina la afisa na tarehe ya kutoka. Likirudi anaandika tarehe ya kurudi. Ndani yake kila barua ina namba ya folio, kwa hiyo moja ikinyofolewa pengo linaonekana. Afisa mpya akiripoti leo, hata awe na cheo gani, hana jalada mezani mpaka aliombe. Huo ulikuwa mpangilio wa awali wa karatasi, na ulikuwa mzuri: kabati limefungwa, mwenye sababu anafunguliwa, na kufunguliwa kwake kunaandikwa.

Mafaili yalipohamia kwenye seva tulibeba karatasi tukamwacha karani. Naliona hili hasa kwenye ofisi binafsi ndogo, nyingine zimefunguliwa na wastaafu wa utumishi: upimaji ardhi, uthamini, uwakili, ushauri wa kodi, zahanati, SACCOS. Mtu huyohuyo aliyetumia miaka thelathini akisaini kila jalada lililopita mikononi mwake, leo amefungia hati za viwanja vya wateja kwenye kabati la funguo mbili, na nakala za hati hizohizo zilizoskaniwa ziko wazi kwa kila aliyepewa neno la siri la Wi-Fi. Na katika mji ambao kiwanja kimekuwa kitu cha kugombaniwa kama Dodoma, folda hizo hubeba mikataba ya mauziano, ramani za upimaji, picha za pasipoti, nakala za vitambulisho vya NIDA na saini za watu. Mwenye nia mbaya akiwa na hivyo vitano pamoja hahitaji kingine.

Watengenezaji wa programu nao walianza vibaya. Kwenye Windows NT na Windows 2000, ulipoishirikisha folda kwenye mtandao, kundi liitwalo Everyone, yaani kila mtu, lilipewa mamlaka kamili papo hapo. Mpaka ilipotoka Windows Server 2003 ndipo kundi hilo likaachiwa kusoma tu. Samba ina historia nyingine. Ni programu aliyoianza Andrew Tridgell huko Australia mwaka 1992, na ndiyo inayoiwezesha mashine ya Linux kugawa mafaili kwa kompyuta za Windows. Kwa asili yake ni kali: folda mpya ni ya kusoma tu, na mgeni hapokelewi. Lakini Debian na Ubuntu, aina za Linux ambazo mafundi wengi tunazitumia, huja na mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, map to guest = bad user. Unasema kwamba anayeleta jina lisilojulikana asifukuzwe, ahesabiwe mgeni. Peke yake mstari huo haufungui kitu, maana folda bado inamkataa mgeni. Balaa linakuja fundi anapoongeza wa pili, guest ok = yes, kwa kuwa maelekezo aliyonakili yalisema hivyo na kweli baada ya hapo kila kitu kilifunguka.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotupa lawama zote kiwandani. Kwa ofisi zetu mpangilio wa awali halisi ni ule unaonakiliwa. Fundi mmoja alifanikiwa hivyo, akamfundisha mwenzake, mwenzake akaihifadhi kwenye flashi, na sasa mistari ileile minne inatembea kutoka Makole hadi Nzuguni. Pamoja nayo inatembea namba 777, ambayo kwenye Linux hupanga ruhusa za faili au folda. Tarakimu ya kwanza ni ruhusa za mwenye faili, ya pili za kundi lake, ya tatu za watu wengine wote. Na saba ni nne ya kusoma, mbili ya kuandika na moja ya kuendesha, zikijumlishwa. Anayeandika 777 amempa mpita njia kila alichompa mwenye mali. Nimeikuta hata kwenye folda ya majibu ya maabara ya wagonjwa.

Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder, wataalamu wa MIT huko Marekani, waliandika kanuni za kulinda taarifa zilizo ndani ya kompyuta. Mojawapo inataka ruhusa itolewe kwa kutajwa, na pasipotajwa kitu jibu liwe hapana. Ninachokithamini ni sababu waliyoitoa, kwa sababu nimeiona kwa macho yangu mara nyingi. Ukikosea wakati wa kufunga, utamzuia mtu mwenye haki yake, naye atakupigia simu ndani ya dakika tano. Kosa litajulikana na litarekebishwa kabla ya chai ya saa nne. Ukikosea wakati wa kuacha wazi, nani atakupigia? Mhasibu amepata faili lake, karani amepata lake, na asiyetakiwa kulipata naye amelipata bila kusema. Ofisi ile ya Area D iliishi na kosa lake miaka mitatu bila simu hata moja ya kulalamika. Kwa hesabu ya mkurugenzi, huo ulikuwa ushahidi kwamba seva ni nzuri.

Tarehe 12 Mei 2017 dunia ilionyeshwa ukubwa wa jambo hili. Kirusi cha WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150, kikafunga mafaili ya watu na kudai fedha ili kuyafungua. Njia yake ilikuwa SMBv1, lugha ya zamani ya Windows ya kugawa mafaili, iliyokuwa imewashwa hata kwenye mashine za watu wasiowahi kugawa folda yoyote. Kiraka cha Microsoft, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, kilikuwa kimetoka tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Uingereza, hospitali zilifuta maelfu ya miadi ya wagonjwa.

Sisi wa Linux tulijiona salama kwa siku kumi na mbili. Tarehe 24 Mei watunzaji wa Samba walitangaza tundu lililokuwemo tangu toleo la 3.5 la mwaka 2010: aliyeweza kuandika kwenye folda angepakia humo faili la programu na kuifanya seva iliendeshe. Sharti kubwa lilikuwa hilo la kuweza kuandika. Kwenye seva iliyofungwa vizuri mshambuliaji alihitaji kwanza jina na neno la siri la mfanyakazi. Kwenye seva ya nobody sharti lilikuwa limeshatimizwa, siku fundi alipoambiwa "safi".

Baada ya hapo watengenezaji walianza kufunga milango kweli. Windows 10 ya mwishoni mwa 2017 haikuja tena ikiwa tayari kugawa mafaili kwa SMBv1. Samba 4.11 ya mwaka 2019 iliizima lugha hiyo. Windows 11 toleo la 24H2, la mwaka 2024, inakataa kuingia kwenye folda ya seva kama mgeni, hata kwenye toleo la Pro. Hizo ni habari njema, na kila moja iliniletea simu. "Fundi, kompyuta imejisasisha, folda inagoma, urudishe kama zamani." Na kuna namna ya kurudisha kama zamani, mafundi wanaijua, inachukua dakika mbili. Ofisi inafungua tena, inalipa tena, na kazi yote ya miaka saba ya watu walioko mbali inafutwa kwa dakika mbili mjini Dodoma.

Mara nyingi chanzo cha kutaka kurudi zamani ni kitu kimoja, na naomba wenye ofisi wakiangalie leo: ile mashine kubwa ya kutoa kopi. Inaskani karatasi na kuzipeleka kwenye folda ya seva. Nyingi zinazouzwa hapa zimeshatumika kwingine, ni za zamani, na zinajua SMBv1 tu. Seva ikiikataa SMBv1, mashine inaacha kuskani, na kazi ya ofisi nzima inasimama. Fundi anafanya nini? Anaishusha seva yote ifikie kimo cha mashine ya kopi. Hapo hati za wateja, mishahara na mikataba vyote vinalindwa kwa kiwango cha mashine ambayo hata jina la mtumiaji haiulizwi. Dawa siyo ghali. Mashine nyingi zinaweza kutuma skani kwa barua pepe au kuziweka kwenye flashi. Kama hilo haliwezekani, iwekewe kompyuta yake ya zamani pembeni, yenye folda moja isiyo na kitu kingine, na karani ahamishe skani kutoka pale kwenda zinapostahili. Ni kazi ya ziada kwa karani, sitalificha hilo. Ni kazi ileile aliyokuwa akiifanya masijala.

Pingamizi ninalolisikia sana linatoka kwa watu wazuri. "Sisi hapa ni familia, tukianza kufungiana folda tutaonekana hatuaminiani." Nalielewa, na silidharau, kwa sababu ofisi ndogo inaishi kwa kuaminiana. Lakini angalieni kilichompata kijana wa mazoezi. Familia ile ilipopotelewa na siri, ilimtazama nani? Ilimtazama aliyekuja mwisho, asiye na mkataba, ambaye baba yake hajulikani pale. Hakukuwa na ushahidi dhidi yake. Tatizo ni kwamba hakukuwa na ushahidi wa kumtetea pia. Kama folda ya mishahara ingekuwa na majina mawili tu, yeye asingekuwemo kwenye mazungumzo hata dakika moja. Ruhusa zilizoandikwa vizuri zinamlinda mnyonge wa ofisi kabla ya kumlinda bosi.

Na kuna la pili. Virusi vya kufunga mafaili havihitaji mfanyakazi mwenye nia mbaya. Vinaingia kwenye kompyuta ya dada wa mapokezi kupitia kiambatisho cha barua pepe, na kuanzia hapo vinaweza kufanya kila anachoweza kufanya yeye. Akiwa na ruhusa ya kuandika kwenye folda ya mapokezi tu, hiyo ndiyo itakayoharibika. Akiwa na ruhusa ya kuandika kila mahali, ofisi nzima imekwenda, pamoja na nakala za akiba kama ziliwekwa kwenye seva hiyohiyo, jambo ninalolikuta mara nyingi mno. Kumpunguzia ruhusa ni kumpunguzia mzigo ambao hakuuomba.

Sheria nayo imebadilika kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtazama anayeingia kwenye mfumo bila haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamgeukia anayezishika taarifa: amezilindaje zisifikiwe na asiyehusika? Wakili, mthamini, mwenye zahanati, mwenye shule, wote wanakusanya taarifa za watu, na wote wanaguswa. Sidhani kama "fundi ndiye aliyeweka" ni jibu litakalomridhisha mtu aliyekuta nakala ya hati yake mikononi mwa dalali.

Nini kifanyike? Mimi ningeanza kwenye malipo. Mwenye ofisi asimalize kumlipa fundi mpaka apewe karatasi moja yenye safu mbili, folda na majina ya wanaoingia, na kwa kila jina iandikwe kama anasoma tu au anaandika. Karatasi hiyo aisome yeye, abishane nayo, aisaini. Fundi hawezi kujua kwamba mhasibu msaidizi hapaswi kuona mikataba ya wakurugenzi. Mwenye ofisi anajua. Kisha afanye jaribio ambalo halihitaji elimu ya kompyuta: amwombe mgeni kabisa aungane na Wi-Fi ya ofisi na kutafuta seva kwa simu yake. Wageni wawe na mtandao wao wasiokutana na seva, ruta nyingi za sasa zina sehemu hiyo tayari. Na mtu akiondoka, mwanafunzi akimaliza wiki zake nane, jina lake lifungwe siku hiyohiyo anaporudisha ufunguo wa mlango.

Kwa upande wetu mafundi, tuwe na ujasiri wa kukataa kuondoka ofisini tukiwa tumeacha mgeni anaandika. Nimeanza kuandika gharama ya kufunga kama mstari wake kwenye ankara, kwa jina lake. Wateja wawili walikataa. Wengine waliuliza ni ya nini, na lile swali lenyewe lilikuwa mwanzo wa kazi.

Kule Area D tulitumia Jumamosi nzima. Mimi, mhasibu na mama mmoja aliyewahi kuwa masijala wilayani Mpwapwa kabla hajastaafu na kuajiriwa pale. Yeye ndiye aliyepanga folda, kwa haraka kuliko mimi, kwa sababu kichwani mwake tayari zilikuwa majalada. Kila mfanyakazi akapata jina na neno lake la siri, na mgeni akafutwa. Jumatatu zilipigwa simu sita za kugomewa na folda. Nne zilikuwa za haki, tukafungua, mama akaandika kwenye daftari. Mbili zilikuwa za watu waliozoea tu kuona mambo yasiyowahusu, na walipoulizwa wanayahitaji kwa kazi gani wakasema basi. Jumanne zilikuwa mbili. Jumatano hakukuwa na simu.

Alhamisi nilimpelekea mkurugenzi karatasi yake. Akaweka miwani, akashuka na kidole hadi kwenye mstari wa mishahara, akakuta majina mawili, la kwake na la mhasibu. Akakaa kimya na ile karatasi. Kisha akamwita dada wa mapokezi, akamwomba amtafutie namba ya simu ya yule kijana.